Kitambaa cha Mama Juu ya Seva

Singida mjini,
Alizeti zimeanza kuinamisha vichwa.

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza Zuhura ameisoma mbio kama anayekimbizwa. Zuhura mdogo wangu, kaa chini, soma polepole, na usiruke mahali popote hata ukiona pananihusu mimi na aibu zangu. Mama macho yake yanamuuma, lakini masikio yake ni mazima, na ukiruka atajua.

Mnaendeleaje huko Tunduru? Goti lako, Mama, limezikubali mvua za mwaka huu au bado linakugomea kuchuchumaa? Yule kuku mweupe bado anataga kwenye kapu la nyuzi? Mimi mwili ni mzima, nakula vizuri, na kikohozi cha vumbi kimeniacha. Moyo ndio hautulii. Nakaa, nasimama, naenda mlangoni, narudi, nasahau nilichoendea. Ndiyo maana nimeona niandike badala ya kupiga simu. Simu yetu unaijua: nikianza neno, Baba Mdogo anaomba amsalimie kijana wake, kisha jirani naye anapokea, kisha wewe unaniuliza jana nilikula nini, kisha salio linakata. Hili nililo nalo halitaki kukatwa katikati.

Barua nampa dereva wa lori anayepeleka mafuta Songea. Akishashusha atafika mpaka huko kwetu kupakia mchele, na kabla hajageuza atapita nyumbani kuchukua jibu. Naomba jibu alikute, Mama. Nitakueleza kwa nini.

Upepo wa hapa haujaacha tabia yake. Unavuma tangu asubuhi, unaingiza mchanga kwenye chai, unafunga madirisha yaliyo wazi na kufungua yaliyofungwa. Mtu mgeni anaweza kudhani mji mzima una hasira. Mwanzoni nilikuwa nauchukia. Sasa siku ukitulia naona kama kuna kitu kimeharibika.

Kazi yangu najua watu wakikuuliza unawajibu "anatengeneza redio." Si mbaya, lakini leo lazima uielewe kidogo, la sivyo barua yote itakuwa maneno matupu. Mzee Athumani, bosi wangu, ananunua alizeti kwa wakulima na kukamua mafuta. Ana vituo vitatu vya kununulia: Issuna, Kinyangiri na Misigiri. Kila kituo kina mizani na mtu mwenye simu. Gunia likipimwa, uzito wake unatumwa kwa simu mpaka kwenye kompyuta moja iliyoko hapa mjini, nayo inatunza kumbukumbu za kila mkulima. Kompyuta hiyo tunaiita seva. Ikiwaka, wote wanafanya kazi. Ikizima, vituo vyote vitatu vinasimama, na wakulima wanakaa juani na magunia yao wakitutukana kimoyomoyo. Mimi ndiye ninayeitunza hiyo seva, na msimu ukianza ndiye ninayezunguka vituoni kurekebisha simu na mizani.

Ofisi ni sebule ya mbele ya nyumba ya Bibi Mwanahamisi, mama yake Mzee Athumani. Huyu ndiye niliyekusimulia, aliyenipa chumba cha uani na kuniambia nisithubutu kununua chakula mgahawani. Baba yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo, akaoa Mnyaturu, hakurudi tena. Kiswahili cha Bibi kina utamu wa kule na ubishi wa huku. Nyumba ni yake, funguo ni zake, na Mzee Athumani, pamoja na kitambi chake na magari yake, akiingia kwa mama yake anavua viatu na kushusha sauti. Mimi Bibi ananiita "mtoto wa watu," na mtoto wa watu anahudumiwa kuliko wa mwenyewe.

Msimu uliopita tuliaibika. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya kupima, seva ikazima ghafla, na ilipowaka tukakuta uzito wa siku nzima umepotea. Hatukuwa na betri ya kuishikilia wala nakala mahali pengine. Watu wa Issuna walishusha magunia, wakapima upya, wakapakia tena, wengine wakinuna, wengine wakicheka kicheko kile cha kuumiza. Mzee Athumani alinitazama tu. Afadhali angenifokea.

Basi mwaka huu akasema tupange kuiboresha seva kabla ya msimu. Akatenga fedha, akaniambia hizo ndizo, haziongezeki hata nikilia, kwa sababu biashara ni ndogo na mashine ya kukamua nayo inataka vipuri. Nilifurahi, Mama. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kizima nikipange mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitembea vituo vyote nikiuliza watu wanavyofanya kazi. Kule Misigiri karani anapanda juu ya magunia ndipo apate mtandao, na akishuka anakuwa amesahau namba ya mkulima. Nikapanga simu zao zitunze uzito zenyewe, zitume mtandao ukipatikana, asipande mtu mahali. Nikapanga betri kubwa ya kuishikilia seva umeme ukikatika. Nikapanga diski ya pili inayonakili kila kitu, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nikajiona mtu.

Halafu seva ikaanza kuugua.

Ilianza baada ya mimi kurudi kutoka kwenu, ile Idi tuliyokula pamoja. Nikiwa ofisini inafanya kazi vizuri kabisa. Nikitoka kwenda vituoni, mchana jua likikolea, simu inalia. Anayepiga ni dada Paskalina, karani wetu wa ofisini, binti wa hapahapa Ikungi, mcheshi asiyeweza kusema jambo moja kwa moja.

"Kaka Shaibu, mgonjwa wako kapandisha homa tena."

"Amezima?"

"Amezima, na amelala kabisa. Nimemgusa, anaungua."

"Mwache apoe, umwashe jioni."

"Jioni wewe utakuwa umerudi. Huyu akikuona tu anapona. Nadhani anakupenda."

Na kweli, jioni nikirudi naikuta iko poa, nawasha, inawaka. Nikaifungua, nikaipuliza vumbi, nikabadilisha feni ya ndani, nikaipa jina baya. Mchana nikiondoka, homa. Nikakata shauri kwamba ni uzee, sasa inakufa kidogokidogo. Hapo mpango wangu wote ukaanguka, kwa sababu fedha ile ilitosha ama kununua mashine mpya, ama kununua betri na diski na kurekebisha simu za vituoni. Viwili havikuingia. Nilipiga hesabu kwa kila njia, nikaulizia mtumba, nikaulizia kukodi nafasi mtandaoni ambako mtandao wa Kinyangiri ungetuangusha. Ukivuta shuka kichwani, miguu inabaki nje.

Akatokea muuzaji wa kompyuta kutoka Dodoma, kijana wa suti na viatu vyenye ncha, akamwonyesha Mzee Athumani picha ya seva ndefu kama kabati. Mzee akaipenda kwa sababu ilikuwa na taa nyingi. Betri hamna, nakala hamna, ila taa zipo. Nilijua umeme ukikatika siku moja tu tutarudia aibu ileile na mashine ya gharama. Nikawa silali vizuri, chakula nakichokonoa tu, Bibi ananiuliza kama nimerogwa au nimependa. Na wewe siku hizohizo ukanipigia kwamba Baba Mdogo amepata chumba karibu na stendi, anataka kufungua steshenari, anahitaji mtu wa kompyuta, na kwamba kile chumba changu cha zamani umekipiga lipu. "Rudi tu mwanangu," ulisema. "Mashine za watu zitakuzeesha." Nilisema mtandao unasumbua, lakini nilikuwa nakusikia vizuri sana.

Sasa sikiliza, Mama. Wiki iliyopita nilipanda bodaboda kwenda Issuna, mnyororo ukakatika hata hatujatoka mjini vizuri. Nikarudi kwa miguu, jua la mchana likinichoma, nikaingia ofisini bila kutarajiwa. Dada Paskalina alikuwa ameenda kula. Madirisha yote yamefungwa kuzuia vumbi. Na pale mezani sikuiona seva. Niliona kitambaa chako.

Kile cheupe chenye ncha za kijani, chenye maua manne kwenye pembe. Ulichonipa nikiwa naondoka baada ya Idi, ukasema hatuingii nyumba ya mtu mikono mitupu, kampe mama mwenye nyumba umwambie mama yako anashukuru. Kilikuwa kimeifunika seva mbele na nyuma mpaka mezani, kimenyooshwa vizuri, kimepigwa pasi. Juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Kulikuwa na joto la kuivishia ndizi.

Mama, wewe unajua unavyofuma. Vitambaa vya wanawake wengine vina matundu, mtu anaona meza kupitia ua. Chako hakipitishi hata punje ya mtama. Siku zote umejisifu hivyo na mimi nimekusifu hivyo. Mashine ile inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma, kama sisi kwa pua. Kazi yako nzuri iliiziba pua.

Nilicheka mwenyewe mle ndani mpaka nikakaa kwenye kiti. Kisha nikakinusa. Kilinuka moto wa mashine, lakini chini yake kulikuwa bado na karafuu za sanduku lako. Kicheko kikaisha, nikataka kulia. Nakwambia wazi kwa sababu hunioni.

Bibi alitokea mlangoni na fagio.

"Ah, umerudi? Ngoja nimvue."

"Shikamoo Bibi. Huwa unaifunika kila siku?"

"Marahaba. Ukisafiri tu. Mwenyewe hayupo, vumbi lote hili, nimwache uchi? Ukikaribia kurudi namvua ili usisumbuke. Kitu cha thamani hufunikwa, mwanangu. Na kitambaa cha thamani huwekwa juu ya kitu cha thamani. Redio ina chake, runinga ina chake. Hiki cha mama yako nilikosa pa kukiweka panapokifaa, mpaka nikaiona hii."

Alikuwa anatabasamu, akinisubiri nimshukuru. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Nikamwendea Mzee Athumani, nikamwambia asilipe muuzaji wa Dodoma hata senti, mashine yetu si mgonjwa. Hakuamini. "Kitambaa? Kitambaa cha uzi kizime kompyuta?" Nikamleta, nikaifunika mwenyewe, nikamwambia anywe chai kwanza. Hata kikombe hakijaisha, feni ikaanza kulia, kisha kimya, taa zikazima. Akaweka mkono wake, akautoa haraka. Akacheka sana, akanipiga mgongoni, akasema basi tubaki na hii ya zamani, fedha zote ziende kwenye betri, diski na simu, kama nilivyopanga mwanzo. Nikahisi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Ila sasa," nikamwambia, "lazima Bibi aache kuifunika. Mimi msimu mzima nitakuwa vituoni."

Akaacha kucheka.

"Mwambie."

"Mzee, ni mama yako."

"Ndiyo maana. Mimi siwezi kumwambia mama kitu alichokipamba nikitoe. Hata kaburi langu atalipita bila kusalimia. Mwambie wewe, wewe mtoto wa watu, wewe anakusikiliza."

Kisha akaniambia la mwisho, akiwa amesimama, hana utani: mashine ikizima tena hata mara moja msimu ukishafunguliwa, anarudi kwenye madaftari kama zamani za baba yake, na mimi atanipa nauli ya kurudi kwetu kwa heshima. Sikumlaumu. Ameshaaibika mara moja mbele ya wakulima anaowajua kwa majina.

Usidhani sikujaribu, Mama. Niliikunja ile kazi yako nikaiweka kitini; niliporudi niliikuta seva imevaa. Nikaiwekea fremu ya waya ili kitambaa kikae mbali nayo. Bibi akasema inafanana na tuta la viazi, akaing'oa. Nikafikiria kufunga chumba, lakini unamfungiaje mwenye nyumba sebule yake mwenyewe? Nikamwomba dada Paskalina, ambaye siku zote alikiona akadhani ni pambo tu, awe anakitoa nikiondoka. Akakataa kabla sijamaliza. "Mimi? Nimvulie Bibi kitambaa mbele yake? Nitaambiwa sina adabu mpaka kanisani wasikie." Hata mashine mpya yenye taa nyingi isingesaidia. Bibi angeivisha kitambaa hichohicho, tena kwa furaha zaidi.

Mwisho nikajikaza. Nilimkuta anachambua dengu uani, nikachuchumaa, nikamwamkia, nikamweleza kwa upole kwamba kitambaa kinaleta joto, na joto linaizima mashine. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Mama yako alikaa na uzi huu mpaka macho yakamuuma. Ulinambia mwenyewe."

"Ni kweli, Bibi."

"Leo kimekuwa kibaya? Kwani alikifuma kwa moto?"

"Si kibaya, Bibi. Ni kizuri mno, ndiyo shida yake."

"Shaibu, siku mama yako akija hapa akakuta kazi yake iko kabatini, nitamwambia nini? Kwamba mwanawe aliniambia nikitoe, nami nikakitoa? Atasema alimpeleka mtoto kwa watu gani?" Akasukuma ungo pembeni. "Hiki si chako. Hukukifuma wewe, wewe ulikileta tu. Mwenyewe ni mama yako. Akiniambia yeye, kwa mkono wake, kitoke, kitatoka siku hiyohiyo. Wewe kanywe maji, uso umekukauka."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anakulinda wewe, ambaye hajawahi kukuona hata siku moja, ningebishana naye vipi?

Basi ndiyo nimefika kwenye lenyewe. Zuhura, hapa usikimbie.

Mama, siku ile nilipokigundua kitambaa, kabla Bibi hajatokea mlangoni, nilipata wazo nikakaa nalo muda wa kutosha kulisikia vizuri. Wazo lilisema: nyamaza. Mwache Bibi afunike. Msimu utafunguliwa, seva itazima, Mzee atachoka nawe, na utarudi Tunduru kwenye chumba kilichopigwa lipu bila mtu kusema ulishindwa wala ulikimbia. Ni joto tu. Nilifurahi, Mama, furaha mbaya lakini ya kweli. Nimechoka kuwa mtoto wa watu. Nataka kukaa mahali ambapo nikiumwa hakuna anayenihudumia kwa sababu ni mgeni. Nataka kukusikia ukiniita kwa jina langu la utotoni ambalo Zuhura akilisoma hapa atacheka, kwa hiyo siliandiki.

Lakini nikiwa huko kwenu, ile Idi, kwa nini siku ya tatu tu nilikuwa nazungukazunguka uani? Uliniona. Uliniuliza natafuta nini, nikasema chaja. Sikuwa natafuta chaja. Nilikuwa nawaza yule karani wa Misigiri aliyesimama juu ya magunia. Nikiwa hapa nawaza huko, nikiwa huko nawaza hapa, na sijui lini nitatulia. Labda kuna watu wanaumbwa hivi, au labda ni upepo wa Singida umeniingia.

Juzi nilifika Issuna kuweka simu mpya. Akaja mama mmoja mtu mzima, shamba lake liko nyuma tu ya kituo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha magunia mara ya pili mwaka jana. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza, "Mwanangu, mwaka huu mtatupima mara moja?" Nikamjibu, "Mara moja tu, mama." Lilinitoka lenyewe. Nilipokuwa narudi mjini ndipo nikasikia nilichokisema. Nimeahidi, Mama, na nilikuwa na maana ya nilichoahidi. Nataka kuona msimu mmoja unapita bila mtu yeyote kupima mara mbili, nikijua mimi ndiye niliyeupanga. Baada ya hapo sijui. Nisikudanganye kwamba najua.

Kwa hiyo nakuomba umwandikie Bibi Mwanahamisi. Mwambie umesikia jinsi anavyokienzi kitambaa chako na umefurahi. Mwambie wewe mwenyewe unataka kitoke kwenye ile mashine, kwamba hukukifuma kwa ajili ya mashine bali kwa ajili yake, akitandike kwenye kiti chake anachokalia jioni, ili ukija ukikute hapo na ukae naye. Maneno utayachagua mwenyewe, unajua kuzungumza na watu wazima wenzako kuliko mimi. Najua uzito wa ninachokuomba. Wewe unataka nirudi, na mimi nakuomba kwa kalamu yako unisaidie kukaa mbali nawe. Ukiandika, ninabaki. Usipoandika, dereva akaja mikono mitupu, sitakuuliza wala sitakununia. Nitajua umenijibu, nami nitakuja, na nitamfungulia Baba Mdogo steshenari nikiwa na moyo mweupe kadiri nitakavyoweza.

Ndani ya furushi kuna galoni ya mafuta ya alizeti kutoka kwa Mzee Athumani, na Bibi amekuwekea dengu zilezile alizokuwa anachambua siku ile. Kanisisitiza niseme amezichambua mwenyewe, hutakuta hata jiwe moja.

Msalimie sana Baba Mdogo, mwambie chumba cha stendi asikiachie bado, ila asinunue mashine ya kutoa kopi bila kuniuliza, wauzaji wa taa nyingi wako kila mahali. Nisalimie Shangazi muuza maandazi, ambaye bado nina deni lake la matusi ya utani, mwambie Singida hakuna anayejua kunitania kama yeye. Nisalimie jirani anayepokea simu yetu kuliko sisi. Shemeji mtarajiwa, ambaye Zuhura anadhani simjui, naye nisalimie.

Ni mimi mwanao, niliyeko mbali na wewe usiku na mchana mawazoni,

Shaibu.

Zuhura, kwenye bahasha kuna karatasi tupu na kalamu mpya. Usimwandikie wewe, hata akikubembeleza kwamba macho yanamuuma. Bibi kasema kwa mkono wake, na mkono wa aliyekifuma kile kitambaa hauigiziki. Mpe Mama kalamu, kisha toka nje kidogo, na usichungulie.